Leseni ya bodaboda inamhusu abiria pia

Kwa familia nyingi za kata ya Bugomora, na vijiji vingi vya Kyerwa na Karagwe, usafiri maana yake ni pikipiki. Ndiyo inayompeleka mama mjamzito kituo cha afya usiku, inayobeba gunia la maharage kwenda sokoni na inayomfikisha mtu Nkwenda, Kayanga au mpakani Murongo. Hata asiye na pikipiki anaishi kwa kutegemea pikipiki ya mwenzake. Kwa hiyo leseni ya dereva si suala la dereva na trafiki peke yao.

Leseni inapatikanaje?

Kwanza, dereva anasoma katika chuo cha udereva kinachotambuliwa na serikali. Akiwa anajifunza anatakiwa kuwa na leseni ya muda ya mwanafunzi. Pili, anafanyiwa mtihani na polisi wa usalama barabarani, na akifaulu anapewa cheti cha umahiri. Tatu, anakwenda TRA akiwa na namba ya mlipakodi (TIN), analipia, anapigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole. Leseni hiyo hudumu miaka 5. Kabla ya Julai 2019 ilikuwa miaka 3.

Zingatia jambo moja: TRA haipimi kama mtu anajua kuendesha. Anayepima ni polisi. Aliyepita njia ya mkato akapata kadi bila mafunzo wala mtihani, amenunua kadi tu. Ujuzi hana.

Daraja gani kwa chombo gani?

Pikipiki yenye injini inayozidi cc 125 inahitaji daraja A, na iliyo chini ya hapo ni A1. Bajaji ni A2. Gari binafsi dogo ni B au D. Anayebeba abiria kwa gari anahitaji kundi la C: C3 kwa abiria chini ya 4, C2 kwa abiria 4 hadi 14, C1 kwa 15 na zaidi, na C kwa basi la abiria 30 na zaidi. Mwenye B pekee hapaswi kubeba abiria wa kulipa, hata kama anaendesha vizuri.

Kwa nini wengi hawana?

Vijana wengi hufundishwa na rafiki kwenye njia za mashambani, na wiki inayofuata wako kijiweni. Chuo na ofisi ziko mjini. Kila siku ya kufuatilia leseni ni siku bila kipato, na tajiri mwenye pikipiki anataka hesabu yake jioni. Tena wapo madeiwaka: mwenye leseni anakwenda kupumzika, pikipiki inabaki kwa mdogo wake asiye nayo.

Tangu mwaka 2021 faini ya makosa ya bodaboda ilishuka kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000. Wengine huona ni nafuu kulipa faini kuliko kusoma. Lakini gharama kubwa huja siku ya ajali. Bima nyingi zina sharti kwamba dereva awe na leseni halali ya chombo anachoendesha. Asipokuwa nayo, fidia inaweza kukataliwa au kucheleweshwa, na majeruhi abaki akiuza mbuzi kulipia matibabu. Mmiliki naye ana kosa kisheria akimruhusu asiye na leseni kuendesha chombo chake.

Tufanye nini?

Kuwasimamisha wote wasio na leseni kwa siku moja kungewaacha wagonjwa nyumbani na mazao shambani. Njia bora ni kuleta mafunzo karibu. Sehemu mbalimbali nchini, polisi na vyuo vya udereva vimewafuata madereva vijiweni na kuwafundisha kwa vikundi. Viongozi wa kijiwe wanaweza kuomba hivyo kwa barua kupitia mtendaji wa kata kwenda kwa mkuu wa usalama barabarani wa wilaya. Wenye kikoba wanaweza kulipiana leseni kwa zamu, kama wanavyonunuliana mabati.

Wewe abiria, uliza leseni kabla ya kupanda. Tazama daraja na tarehe ya kuisha. Dai kofia ngumu yako, na kataa mishikaki: sheria inaruhusu abiria mmoja tu. Bima ya chombo unaweza kuihakiki kwa simu kwenye tovuti ya TIRA kwa kutumia namba ya usajili.

Usiku wa dharura hakuna nafasi ya kuchagua dereva. Chagueni mapema. Kila nyumba, hasa yenye mjamzito, mzee au mtoto mdogo, iwe na namba za madereva wawili wenye leseni, zimehifadhiwa kwenye simu na kuandikwa ukutani.