Vitunga vya Wagenia na kazi ya ordinatere elfu

Ku Wagenia, wavuvi wanafunga vitunga vikubwa ku miti iliyosimikwa kati ya mawe ya maporomoko. Kitunga kimoja kikivunjika, vingine vinaendelea kukamata samaki. Wenye kuandika programu za ordinatere nao wanatafuta jambo hilo hilo.

Tuchukue malaria, yenye kulaza wachimbaji wengi mu makambi ya zahabu na almasi. Mwaka 2006 mpango Africa@home, wenye CERN ya Uswisi ndani yake, uliomba watu wa dunia yote waazime ordinatere zao za nyumba saa hawazitumii. Hesabu ilitoka kwa Taasisi ya Tropiki ya Basel: kuigiza namna malaria inaenea, tena na tena, kila mara na namba zingine. Hapa wote wako na chandarua, kule nusu tu. Ordinatere moja ingechukua miaka mingi, elfu zinaigawana.

Lakini mwenye nyumba anazima mashini yake. Ao moto unakatika, na sisi wa Kisangani tunalijua hilo bila kufundishwa.

Dawa iko mu namna ya kuandika programu. Kila kazi inafanywa kuwa kitu kamili: inabeba namba zake, inajua imefika wapi, na inasikia amri chache tu, anza, simama, endelea, toa jibu. Mugawaji hana haja ya kujua kama ndani kuna malaria ao nyota. Njo maana BOINC, programu ya chuo kikuu cha Berkeley, Marekani, ilibeba hesabu ya malaria na pia SETI@home, iliyokuwa inatafuta alama za redio za viumbe vya mbali angani.

Kila kisha muda kazi inaandika ku diski pale ilipofika. Moto ukirudi, inaanzia pale. Siku iliyowekwa ikipita bila jibu, mugawaji anaituma kwa mashini ingine. Mara nyingi kazi moja inapewa mashini mbili na majibu yanalinganishwa, sawa vile mchimbaji mwenye akili anapeleka jiwe lake kwa wapimaji wawili mbele ya kuuza.

Mahali pa hatari ni mugawaji mwenyewe. Daftari ya kazi zote iko kwake. Ikipotea, majibu hayana pa kwenda. Inafaa nakala yake ikae mu mashini ingine, nyumba ingine.

BOINC ni ya bure. Kijana mwenye ordinatere ya zamani aiweke, azime mashini katikati ya kazi, kisha aiwashe na kuangalia inaanzia wapi.