Shina la mgomba lafika ukumbi wa sanaa

KATIKA Kata ya Lufingo, wilayani Rungwe mkoani Mbeya, bei hupangwa kwa mkungu. Shina halina bei. Mgomba huzaa mara moja tu, hivyo mkungu ukishakatwa mkulima huliangusha shina, akampa ng'ombe sehemu yake na nyingine akaiacha ioze iwe mbolea.

Hata hivyo, mwaka 2022 nyuzi za mgomba zilionekana Venice, Italia, ambako Uganda iliweka banda lake kwa mara ya kwanza katika maonyesho makubwa ya sanaa ya mji huo. Wasanii walikuwa wawili, Acaye Kerunen na Collin Sekajugo, na majaji wakalipa banda hilo sifa maalumu.

Kerunen hutumia nyuzi za migomba, matete na majani ya jamii ya mitende, vitu vilevile ambavyo akina mama husukia mikeka na vikapu. Hushirikiana na wasukaji, kisha vilivyosukwa huvifumua na kuviunga upya hadi vikawa umbo kubwa la kutundika ukutani.

Hapo ndipo penye biashara, na penye mgogoro pia. Mkeka ukiuzwa kama mkeka, mnunuzi hulipia mahali pa kukalia. Ukiingia ukumbi wa sanaa, hulipia jina la msanii. Msukaji aliyekwishapokea bei ya mkeka hana cha kudai baadaye, hivyo makubaliano ya mgawo ni vema yafanyike kabla ya kazi kuondoka kijijini, tena kwa maandishi.

Tanzania ina mfano wake. Mwaka 1968 Edward Saidi Tingatinga, aliyewahi kuwa kibarua wa mashamba ya mkonge Tanga, alianza kuchora kwa rangi za baiskeli juu ya vipande vya mbao za dari, akiuza nje ya duka la Morogoro Stores, Oysterbay. Alifariki mwaka 1972. Wanafunzi wake waliunda ushirika mwaka 1990, lakini leo jina hilo (ambalo mkulima hulijua zaidi kama trekta) linatumiwa hata na wachoraji wasiowahi kukutana na ushirika huo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 hulinda kazi yenyewe, wala si mtindo wa kuchora.

Kwa mkulima wa Lufingo, swali la kwanza ni ng'ombe. Habari njema ni kwamba maganda ya nje ya shina, yanayokauka na kugeuka kahawia yenyewe, ndiyo yafaayo kwa kusuka; moyo wenye maji hubaki kuwa malisho. Tatizo kubwa ni mvua. Rungwe hunyesha sehemu kubwa ya mwaka, na ganda lililofungwa bichi huota ukungu likiwa bado stoo, hivyo anayetaka kuuza nyuzi atahitaji banda la kukaushia lenye paa na upepo kabla hajatafuta mteja.