Alichapwa kwa kukataa kitabu, akaja kusoma Kwihara

Mwanzoni mwa Aprili 1872, ndani ya nyumba ya tembe pale Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, mzee wa miaka 59 alikuwa amekaa anasoma kitabu kinachoeleza jinsi yeye mwenyewe alivyotafutwa.

Mzee huyo ni Dkt David Livingstone. Kitabu kiliandikwa na E. D. Young, baharia Mwingereza aliyetumwa mwaka 1867 hadi Ziwa Nyasa kuchunguza uvumi kwamba daktari ameuawa. Si wengi waliowahi kusoma kitabu cha namna hiyo wakiwa hai. Kwenye shajara yake aliandika maneno machache tu: anashukuru kwa mema aliyosemwa, na mwandishi ni muungwana.

Henry Morton Stanley alikuwa ameondoka Kwihara Machi 14 kurudi pwani. Livingstone alibaki akisubiri wapagazi kutoka Zanzibar, na kusubiri huko kulichukua miezi mitano. Alisoma. Alisoma hata safari za Mungo Park, Mskoti mwenzake na daktari mwenzake, aliyefia kwenye Mto Niger mwaka 1806. Alipochoka kusoma aliwatazama ndege wenye mikia mirefu waliokuja kwenye mikomamanga ya uani na makinda yao, akaandika jinsi mama yao alivyowalisha.

Wageni wanaofika leo kwenye makumbusho ya Kwihara huelezwa zaidi habari za misafara na biashara ya utumwa, na ni haki yake. Lakini kwa mzazi kuna swali jingine: mtu huyu alifundishwa na nani kupenda kitabu kiasi hicho?

Jibu linaanzia kwenye fimbo.

Livingstone alizaliwa mwaka 1813 katika kijiji cha Blantyre, Scotland. Familia nzima, baba, mama na watoto watano, iliishi kwenye chumba kimoja. Akiwa na miaka 10 alipelekwa kufanya kazi kwenye kiwanda cha pamba, kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 2 usiku. Sehemu ya mshahara wa wiki ya kwanza alinunulia kitabu cha sarufi ya Kilatini. Kazini alikiweka kitabu juu ya mashine ya kusokota nyuzi, na kila alipopita mbele yake alinyakua sentensi moja, akaendelea na kazi, akarudi kwa nyingine.

Baada ya kazi alikwenda shule ya usiku hadi saa 4. Akirudi nyumbani alisoma tena hadi saa 6 usiku, wakati mwingine kupita hapo, mpaka mama yake alipoinuka na kumnyang'anya vitabu mkononi.

Habari hii hupenda kusimuliwa kwa watoto kama mfano wa bidii. Isimuliwe kwa uangalifu. Saa 14 za kiwandani kwa mtoto wa miaka 10 ni utumikishwaji, si malezi. Na mama yule alikuwa sahihi, kwani mtoto wa umri wa shule ya msingi anahitaji kulala kati ya saa 9 na 12, awe anakeshea Kilatini au katuni za kwenye simu.

Sasa fimbo yenyewe. Baba yake, Neil, alikuwa muuza chai, mcha Mungu wa kweli, na mwenye wasiwasi na vitabu vya sayansi. Aliona vinamtoa mtoto kwenye imani. Akamtaka asome kitabu cha dini cha William Wilberforce. David akakataa. Akachapwa. Miaka mingi baadaye, akiwa mtu mzima mwenye jina, Livingstone aliandika kwamba hiyo ndiyo ilikuwa mara ya mwisho kwa baba yake kumchapa, na kwamba chuki yake kwa vitabu vya dini iliendelea kwa miaka baada ya hapo.

Wilberforce huyo ndiye aliyepigania bungeni sheria ya mwaka 1807 ya kupiga marufuku biashara ya watumwa. Mtoto aliyekataa kitabu chake ndiye aliyekuja kuwa msemaji mkubwa wa vita hivyo hivyo katika bara hili. Huenda angekipenda kama angekikuta mwenyewe.

Maana alichokikuta mwenyewe kilimbadilisha. Akiwa kijana alipata vitabu vya Thomas Dick, mwalimu Mskoti aliyependa elimu ya nyota, ambaye alieleza kwamba sayansi na imani hazigombani. Ugomvi uliokuwa umetokea baina ya baba na mwana ukamalizwa na mtu wa tatu, kwa maandishi.

Kisha likaja tendo jingine la baba yuleyule. Karibu mwaka 1834 Neil alirudi nyumbani na kijitabu cha mmisionari Karl Gützlaff, kilichoomba madaktari waende China. Safari hii hakukuwa na amri wala bakora. David alisoma, akaamua kusomea udaktari, na mwaka 1840 akafuzu Glasgow. Vita vya Kasumba viliifunga njia ya China. Ndiyo sababu akaja Afrika.

Nyumba moja, baba mmoja, vitabu viwili. Kimoja kililetwa na fimbo, kingine kililetwa tu.

Udaktari huo ulimfaa safarini. Alitengeneza vidonge vya homa kwa kuchanganya kwinini na dawa za kuharisha, na homa iliyowamaliza wenzake wengi yeye aliiruka mara nyingi. Januari 1867 wapagazi wawili walitoroka na sanduku lake la dawa. Aliandika kwamba alijiona kama mtu aliyesomewa hukumu ya kifo.

Hata hivyo daktari husoma kile tu ambacho kimeshaandikwa. Katika kitabu chake cha mwaka 1865 kuhusu Mto Zambezi, Livingstone alieleza kwamba penye mbu wengi ndipo penye malaria. Aliiona dalili, hakukiona chanzo. Uthibitisho kwamba mbu ndiye anayebeba vimelea ulianza mwaka 1897, kwa utafiti wa Ronald Ross nchini India, miaka 24 baada ya Livingstone kufariki. Mke wake Mary alikuwa ameshafia Shupanga mwaka 1862, kwa homa hiyo hiyo.

Watoto ndio ukurasa wake mgumu. Livingstone alikuwa mbali nao kwa miaka mingi. Robert, mwanawe mkubwa, alifia kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe Marekani mwaka 1864, akiwa na miaka 18. Baba mwenyewe alikiri kwa maandishi kwamba jioni alichoka mno kucheza na watoto wake, na kwamba alijuta kutolitengea jambo hilo muda. Stanley alipomkabidhi mfuko wa barua Ujiji mwaka 1871, baada ya mfuko huo kukaa mwaka mzima njiani na kukwama Unyanyembe, alitafuta kwanza zile za watoto. Zilizobaki aliziweka chini.

Wapagazi waliosubiriwa walifika Kwihara Agosti 1872. Miongoni mwao alikuwepo kijana wa Kiyao, Jacob Wainwright. Aliwahi kuuzwa utumwani, akaokolewa, akapelekwa India kwenye shule ya Nasik, huko akajifunza kusoma na kuandika Kiingereza. Hakuwa na baba wala mama wa kumletea kitabu nyumbani.

Livingstone alifariki Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo. Kitabu cha sala za maziko kilikuwepo, na wa kukisoma alikuwa Jacob. Yeye ndiye aliyesoma sala, na yeye ndiye aliyechonga jina la marehemu kwenye mti. Msafara ukiongozwa na Susi na Chuma ulipoanza kuubeba mwili kurudi pwani, ulisikia kwamba kuna Waingereza Unyanyembe. Jacob akaandika barua kwa mkono wake. Chuma akatangulia nayo.

Oktoba 1873 barua hiyo ilifika Kwihara, mikononi mwa Luteni Verney Lovett Cameron, ambaye alikuwa amelala hoi kwa homa. Siku chache baadaye wabebaji wakafika na mwili. Cameron alipendekeza daktari azikwe hapo hapo. Wakakataa, wakajitwisha mzigo wao, wakashika njia ya Bagamoyo.