Kinywe Ndani ya Plastiki Inayooza

Asidi ya polilaktiki, maarufu kwa kifupi PLA, ni plastiki inayotengenezwa kwa sukari ya mahindi au miwa. Kikombe chake kinang'aa vizuri, lakini kikibanwa kinapasuka, na kikitiwa chai ya moto kinalegea, kwa sababu PLA huanza kulainika karibu na nyuzi joto 60 za Selsiasi. Kasoro hizi mbili zimeifungia nje ya kazi nyingi ambazo bado zinafanywa na plastiki za mafuta ya petroli.

Tiba mojawapo inayotafitiwa ni kuichanganya na grafini, yaani tabaka moja la atomi za kaboni zilizoshikana kwa pembe sita kama sega la nyuki. Kinywe, madini yanayopatikana Mahenge na Ruangwa nchini Tanzania, ni matabaka ya aina hiyo yaliyolaliana kwa wingi. Mwaka 2004, Andre Geim na Konstantin Novoselov wa Chuo Kikuu cha Manchester walibandua tabaka moja kwa utepe wa gundi, na mwaka 2010 wakapewa Tuzo ya Nobeli ya Fizikia. Ukakamavu wa tabaka hilo, yaani jinsi linavyokataa kurefuka likivutwa, ni kama gigapaskali 1,000. Wa PLA hauzidi 4 au hapo karibu.

Hata hivyo, siri ya mchanganyiko huu iko kwenye eneo la mgusano. Kwa hesabu ya nadharia, gramu moja ya grafini iliyotenganishwa kikamilifu ina mita za mraba 2,630 ukijumlisha pande zote mbili. Kilo ya plastiki yenye nusu asilimia ya grafini ina gramu 5 tu, lakini gramu hizo zina mita za mraba zaidi ya 13,000, karibu viwanja viwili vya mpira. Plastiki ikivutwa, mzigo huhamia kwenye matabaka kupitia eneo hilo, kama ukuta wa udongo unavyoegemea fito zake. Udongo usiposhika fito, ukuta hupasuka.

Ugumu unaanzia hapo. Matabaka ya grafini huvutana yenyewe kwa yenyewe, yakagandana kama madonge kwenye uji uliokorogwa vibaya, na kila donge huwa chanzo cha ufa. Ndiyo maana ukizidisha kiasi, mara nyingi uimara hushuka badala ya kupanda. Wahandisi hutumia oksidi ya grafini, ambayo uso wake una vikundi vya oksijeni vinavyoshikana na molekuli za PLA. Gharama yake ni kwamba vikundi hivyo huvuruga sega na kulidhoofisha tabaka lenyewe. Njia ya kuchanganya nayo ina uzito wake: kuyeyusha plastiki kwa kiyeyushi hutawanya matabaka vizuri lakini huacha kemikali ya kuondolewa, ilhali kuichanganya kwa joto kwenye mashine ya skrubu mbili kunafaa kiwandani, ila matabaka hayatengani sana.

Matabaka yakitawanyika vizuri, hufanya pia kazi ya makuti kwenye paa: oksijeni na mvuke wa maji hulazimika kuzunguka kila jani kabla ya kupenya. Chakula kilichofungashwa hunufaika. Lakini PLA huanza kuoza pale maji yanapokata minyororo yake mirefu kuwa vipande vifupi ambavyo vijidudu vinaweza kuvila. Kwa hiyo kinga ileile inayolinda chakula inaweza kuchelewesha kuoza. Oksidi ya grafini, kwa kuwa inapenda maji, inaweza kuleta matokeo ya kinyume.

Swali zito zaidi ni kinachobaki baada ya plastiki kuliwa. Kiwango cha Ulaya cha vifungashio vya mboji, EN 13432, kinataka asilimia 90 ya uozaji ndani ya miezi 6, lakini hakidai kipimo cha pekee cha uozaji kwa kiambato cha kaboni kilicho chini ya asilimia 1. Grafini hufanya kazi vizuri ndani ya kiasi hichohicho. Kifungashio kinaweza kufaulu mtihani huku matabaka yake yakibaki kwenye mboji, na mboji hupelekwa shambani. Inajulikana kwamba kimeng'enya cha peroksidezi humega oksidi ya grafini, lakini ile iliyoondolewa oksijeni hukihimili. Kwa hiyo aina ya kijazo, yaani kitu kinachoongezwa kwenye plastiki, inayochaguliwa kiwandani ndiyo inayoamua udongo utarithi nini.

Inafaa basi usanifu uanzie mwisho: plastiki hii itaozea wapi, kwenye mtambo wa mboji wenye nyuzi joto 58 au kwenye shamba la mkulima? Tanzania, iliyopiga marufuku mifuko ya plastiki Juni 2019 na yenye kinywe ardhini mwake, ina sababu mbili za kuuliza hivyo mapema. Kanuni yake ya plastiki zinazooza ikitaka kila kijazo kipimwe peke yake, hata kikiwa nusu asilimia, itakuwa imeziba mwanya ambao kiwango cha Ulaya kimeuacha wazi.