Mwarobaini: Uweke shambani na kwenye ngozi, usimnyweshe mtoto

Leo tunazungumzia mti ambao kaya nyingi za Shinyanga, Kahama na Geita zinao uani, au basi upo kwa jirani: mwarobaini. Kila ninapofundisha namna ya kuutumia dhidi ya wadudu, swali linalofuata linahusu homa. Akina mama huniuliza, "Bwana shamba, kama unaua wadudu wa pamba, si utaua na malaria ya mtoto?" Swali ni zuri, na jibu lake linaweza kuokoa maisha, kwa hiyo tuende taratibu.

Mti umetoka wapi

Mwarobaini asili yake ni India na Burma. Katika Ayurveda, yaani tiba ya jadi ya Wahindi, unaitwa nimba, na wameutumia karne nyingi kwa ngozi, meno na homa. Ulivuka bahari ukafika kwetu, na jina tulilompa linatokana na imani kwamba unatibu magonjwa arobaini. Huku kwetu umeshika vizuri kwa sababu unavumilia ukame. Tukumbuke kwamba miti ilikuwa imetuishia kiasi kwamba mwaka 1986 ilibidi uanzishwe mradi wa HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga, kurudisha ngitili zetu. Mti unaobaki kijani wakati wa kiangazi hauwezi kudharauliwa.

Mwaka 1959 mtaalamu wa wadudu kutoka Ujerumani, Heinrich Schmutterer, aliona nzige huko Sudan wakila kila kitu lakini mwarobaini wanauacha. Kemikali kubwa inayofanya kazi hiyo inaitwa azadiraktini, nayo imejaa zaidi kwenye mbegu kuliko kwenye majani.

Shambani: hapa hauna ubishi

Azadiraktini haiui mdudu palepale kama dawa ya dukani. Inamkosesha hamu ya kula na inavuruga kukua kwake, kwa hiyo usikate tamaa ukiona bado anatembea kesho yake. Inafaa kwa vidukari na viwavi wadogo wa pamba, mboga na choroko. Inasaidia pia kwa kiwavijeshi vamizi kwenye mahindi, mradi umuwahi akiwa mdogo.

- Majani: twanga kilo 1 ya majani mabichi, loweka kwenye lita 5 za maji usiku kucha, kisha chuja.
- Mbegu: twanga gramu 500 za viini vya mbegu kavu, loweka kwenye lita 10 za maji kwa saa 12, kisha chuja.
- Ongeza sabuni ya maji kidogo ili dawa ishike kwenye jani.
- Pulizia jioni, kwa sababu jua huharibu azadiraktini haraka. Rudia baada ya siku 7.
- Usioshee bomba kwenye lambo, maana samaki wanaweza kudhurika.

Kwenye ngozi na meno

Hapa pia mwarobaini una heshima yake. Nchini India, utafiti uliochapishwa mwaka 1992 ulitumia majani ya mwarobaini yaliyosagwa pamoja na manjano kuwapaka watu 814 wenye upele. Asilimia 97 walipona ndani ya siku 3 hadi 15. Haukuwa utafiti wa kulinganisha na dawa nyingine, lakini unaonyesha wazee hawakuwa wanabahatisha. Mswaki wa kijiti cha mwarobaini nao ni desturi nzuri ukiutafuna na kutema. Kabla ya kupaka mwili mzima, jaribu kwanza sehemu ndogo ya mkono, usubiri siku moja. Ukiwashwa au ukivimba, acha.

Tumboni: hapa tusimame

Maabara zimeonyesha kwamba baadhi ya kemikali za mwarobaini zinadhuru vimelea vya malaria. Lakini hiyo ni ndani ya chupa. Tumboni dawa inapita kwenye maini na damu, na mpaka leo hakuna kipimo cha chai ya mwarobaini kilichothibitishwa kumponya mtu malaria. Tusichanganye na dawa mseto. Ile nayo imeanzia kwenye mmea, pakanga ya Wachina, ila wanasayansi walitenga kemikali yake, wakapima kiasi, wakaijaribu kwa wagonjwa. Tu Youyou alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kazi hiyo. Mwarobaini haujafika huko.

Kanda yetu ina malaria nyingi, na mashimo ya machimbo yanayotuama maji yanazidisha mbu. Malaria kali inaweza kumuua mtoto ndani ya siku moja au mbili. Siku mbili za kumpa kikombe cha majani "tuone kama itapoa" ndizo hizohizo alizokuwa nazo za kufika zahanati kupimwa.

Hatari kubwa zaidi ni mafuta ya mbegu. Huko Malaysia, madaktari mwanzoni mwa miaka ya 1980 waliripoti watoto wachanga walionyweshwa mafuta ya mwarobaini kwa ajili ya mafua na kikohozi. Walitapika, wakalegea, wakapumua kwa kasi, wakapata degedege, na wengine walikufa. Dozi yenyewe inaweza kuwa kijiko kimoja tu cha chai. Sasa fikiria kwetu: mtoto ana homa, anapewa mafuta, anapata degedege. Familia itasema ugonjwa umepanda na kuongeza dawa ileile, kumbe dawa yenyewe ndiyo inayomuumiza. Mbegu zenye ukungu ni mbaya zaidi, kwani zinaweza kubeba sumukuvu.

Wengine wasiounywa mwarobaini ni hawa:

- Mama mjamzito au anayetafuta mimba. Kwa wanyama wa majaribio umeharibu mimba, na mafuta yake yanaua mbegu za kiume.
- Mgonjwa wa kisukari anayetumia vidonge au sindano. Mwarobaini unashusha sukari, na vikikutana viwili sukari inaweza kushuka mno.
- Mwenye matatizo ya figo au ini.

Ukiwa umeshaanza kunywa, mwambie daktari. Usifiche kwa kuogopa kugombezwa.

Kwa walio karibu na machimbo

Hili ni la kwetu, na halimo kwenye vitabu vya Wahindi. Wachimbaji wadogo wanakamatisha dhahabu kwa zebaki, kisha wanaichoma. Mwaka 2003 uchunguzi uliofanyika Rwamgasa, Geita, ulikuta dalili za sumu ya zebaki kwa baadhi ya waliokuwa wakichoma. Mvuke ule hauishii kwa mchomaji. Majani ya mimea huunyonya kutoka hewani, na vumbi la marudio nalo hutua juu yake. Kuchemsha hakuondoi zebaki.

Kwa hiyo mwarobaini, mlonge au mchicha ulio jirani na mwalo, karasha au mahali pa kuchomea dhahabu usichumwe kwa kunywa, kula wala kupaka. Acha mti huo utoe kivuli. Wa dawa panda mbali, upande ambao upepo hautoki kwenye machimbo.

Usichume mti usiouhakikisha

Kuna mti ndugu yake, wengine huuita mmelia, hupandwa kwa mapambo. Maua yake ni ya zambarau, vijani vyake vimegawanyika mara mbili, na matunda ya njano hubaki mtini muda mrefu. Matunda hayo ni sumu kwa watu na nguruwe. Mwarobaini una maua meupe, na vijani vyenye meno kama msumeno vimepangwa mstari mmoja kila upande wa kikonyo.

Tukumbuke

Anayeuza dawa za mwarobaini sokoni muulize kama amesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Sheria ya mwaka 2002 ipo kwa ajili hiyo. Mafuta ya kupulizia weka kwenye chupa yenye alama, juu, mbali na watoto, wala si kwenye chupa ya soda. Na mtoto akipata homa, safari ni moja: zahanati, kipimo cha haraka, kisha dawa mseto kama malaria imeonekana. Mwarobaini utaendelea kukusubiri kwenye pamba.

Makala ijayo tutaangalia namna ya kukausha na kuhifadhi mbegu zake zisiote ukungu. Kama una swali, uliza hapa chini, nitajibu. Kazi njema.