Punguzo la asilimia 88 si kipimo cha bei halali ya plagini za muziki

KILA ifikapo wiki ya mwisho ya Novemba, wamiliki wa studio ndogo za muziki mjini Dodoma, kama wenzao kwingineko duniani, hupokea matangazo mfululizo ya kampuni zinazouza plagini. Hizi ni programu ndogo zinazochomekwa ndani ya programu kuu ya kurekodia ili kusafisha sauti, kuongeza mwangwi au kutoa milio ya ala mbalimbali. Katika matangazo hayo ni kawaida kuona bei ya dola 249 imepigwa mstari, na pembeni yake imeandikwa dola 29.99.

Kwa kiwango cha Sh2,500 kwa dola moja, kinachotumika katika makala haya kurahisisha hesabu tu, bei ya kwanza ni Sh622,500 na ya pili ni takriban Sh75,000. Hilo ni punguzo la asilimia 88. Swali ambalo mnunuzi anapaswa kujiuliza kabla ya kutoa namba za kadi yake ni moja: je, ameokoa zaidi ya Sh547,000, au ametumia Sh75,000?

Swali hilo si la mzaha kwa kijana aliyeanzisha studio kwa mtaji wa kuungaunga. Fedha hiyo hiyo ingeweza kununua waya, stendi ya maikrofoni au magodoro ya kuziba mwangwi ukutani, vitu ambavyo wateja wake, iwe ni kwaya ya kanisa, msanii wa Bongo Fleva au kikundi cha ngoma za asili, wangesikia tofauti yake mara moja.

Ili kulijibu swali hilo, ni vema kwanza kufahamu kwamba bei ya plagini haipandi wala kushuka kwa namna ambayo wakazi wa nyanda za kati wameizoea. Katika soko la mazao la Kibaigwa, wilayani Kongwa, mahindi huwa nafuu baada ya mavuno kwa sababu yapo mengi, na hupanda kadiri maghala yanavyopungua. Mnunuzi anayekwenda pale anajua kuwa nyuma ya kila bei kuna gunia, na nyuma ya gunia kuna mvua, shamba, gari na ghala.

Plagini haina ghala. Gharama yake kubwa ni ile ya wahandisi walioiandika na wanaoendelea kuitunza. Ikishakamilika, kutoa nakala ya elfu kumi hakuigharimu kampuni zaidi ya kutoa nakala ya pili. Kwa hiyo inaposhuka bei Novemba, si kwa sababu zimekuwa nyingi, bali kwa sababu muuzaji ameamua kuwatenganisha wateja wake. Mwenye haraka hulipa bei kamili, na mwenye subira hulipa ndogo.

Hapo ndipo bei iliyopigwa mstari inapofanya kazi yake. Huwekwa kuwa alama ya kulinganishia, ili bei ya pili ionekane ndogo. Kama kweli watu wengi waliwahi kuilipa bei ya kwanza ni jambo jingine kabisa.

Mfano unaojulikana sana ni wa kampuni ya Waves ya Israel, iliyoanzishwa mwaka 1992 na ambayo ni miongoni mwa waanzilishi wa biashara hii. Kwa miaka mingi plagini zake nyingi ziliorodheshwa kwa bei za juu, lakini zikauzwa mara kwa mara kwa takriban dola 30. Bidhaa inayouzwa kwa dola 30 mara nyingi kwa mwaka thamani yake sokoni ni dola 30, hata kama lebo inasema 249.

Upande wa pili ipo kampuni ya Valhalla DSP ya Marekani, inayosifika kwa plagini za mwangwi. Kampuni hiyo iliamua kuuza plagini zake za kulipia kwa dola 50 kila moja na kutofanya mapunguzo kabisa. Katikati yao ipo FabFilter ya Uholanzi, ambayo punguzo lake la Novemba kwa kawaida limekuwa karibu robo ya bei.

Waswahili husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika soko hili methali hiyo haitoshi, kwa kuwa hata vizuri vinajitembeza. Plagini nzuri inaweza kuuzwa kwa punguzo kubwa, na nyingine nzuri vilevile isipunguzwe hata senti. Ukubwa wa punguzo unaeleza mbinu ya muuzaji. Hauelezi ubora wa bidhaa.

Kipimo cha kwanza cha bei ya haki, basi, ni bei ya chini inayojirudia. Mnunuzi anapaswa kutazama bidhaa hiyo iliuzwaje miezi iliyopita, kisha ailinganishe bei ya leo na ile ya chini aliyoiona, si na ile iliyopigwa mstari. Anayeandika bei katika daftari kwa mwaka mmoja atagundua kuwa "ofa ya mwisho" nyingi hurudi kabla ya miezi mitatu.

Mantiki hiyo imekwisha kuingia katika sheria za wengine. Tangu Mei 28, 2022, kanuni za Umoja wa Ulaya zinamtaka muuzaji anayetangaza punguzo kuonyesha bei ya chini kabisa aliyotoza katika siku 30 zilizotangulia. Kanuni hiyo iliwekwa kwa ajili ya bidhaa zinazoshikika na haizigusi programu za kupakuliwa, lakini mnunuzi hazuiwi kuitumia mwenyewe. Hapa nchini, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, inakataza kumpotosha mlaji, ikiwa ni pamoja na kuhusu bei. Hata hivyo, si rahisi kwa mteja aliyeko Dodoma kumfuatilia muuzaji asiye na ofisi Tanzania, hivyo kinga yake ya kwanza ni hesabu yake mwenyewe.

Kipimo cha pili ni gharama kamili hadi plagini ifanye kazi. Bei ya tangazo mara nyingi haina kodi. Sheria ya Fedha ya mwaka 2022 iliweka utaratibu wa kampuni za nje zinazouza huduma za kielektroniki kusajiliwa na kulipa Kodi ya Ongezeko la Thamani nchini, hivyo kwa muuzaji anayeutekeleza, bei ya ukurasa wa malipo inaweza kuizidi ile ya tangazo. Juu ya hapo benki au kampuni ya simu iliyotoa kadi hubadili shilingi kuwa dola kwa kiwango chake na huweza kutoza ada yake.

Lipo pia bando. Plagini ya kusafisha sauti huwa nyepesi, lakini makusanyo ya milio ya ala, kama vile okestra na vinanda, hufikia makumi ya gigabaiti, na makusanyo makubwa kama Komplete ya kampuni ya Native Instruments ya Ujerumani huhitaji mamia ya gigabaiti. Kwa studio inayotegemea intaneti ya simu, gharama ya kupakua na ya diski ya kuhifadhia yaweza kulimeza punguzo lote.

Gharama nyingine hujitokeza baadaye. Kompyuta hubadilika, na plagini iliyonunuliwa leo yaweza kukataa kufanya kazi katika mfumo mpya wa miaka minne ijayo. Baadhi ya kampuni hutoa maboresho bila malipo. Image-Line ya Ubelgiji, watengenezaji wa FL Studio inayotumiwa sana na maprodyuza wa Bongo Fleva, huahidi maboresho ya maisha kwa aliyenunua leseni. Nyingine hutoa maboresho kwa mwaka mmoja tu, kisha hudai malipo mapya.

Kwamba masharti hayo yanaweza kugeuka ghafla, kulidhihirika Machi 2023. Waves ilitangaza kuwa itaacha kuuza leseni za kudumu na kwamba wateja wapya watalipia matumizi kwa vipindi. Watumiaji walilalamika kwa wingi, na baada ya siku chache kampuni hiyo ilirudisha leseni za kudumu. Funzo lililobaki ni kuwa kusoma masharti ya leseni ni sehemu ya kupima bei.

Malipo ya kila mwezi nayo yanahitaji hesabu. Dola 15 kwa mwezi huonekana ndogo, lakini ni dola 180 kwa mwaka, sawa na Sh450,000, na kwa miaka mitatu ni Sh1,350,000. Anayeacha kulipa huachwa bila chombo, na huenda akashindwa kuifungua kazi ya zamani ya mteja kama ilivyokuwa. Mpango tofauti ni ule wa kulipa kidogo kidogo hadi kumiliki, kama uliotolewa na Splice kwa sinthesaiza ya Serum kuanzia mwaka 2016. Mpango wa namna hiyo humfaa mwenye kipato kisichotabirika, mradi jumla ya malipo isizidi bei ya kununua moja kwa moja.

Kipimo cha tatu ni idadi ya kazi. Plagini ya Sh75,000 itakayotumika katika nyimbo 50 imegharimu Sh1,500 kwa wimbo. Kifurushi cha plagini kumi kwa Sh500,000 huonekana kuwa Sh50,000 kwa kila moja, lakini ikiwa ni mbili tu zitakazotumika, kila moja imenunuliwa kwa Sh250,000. Vifurushi ndivyo vinavyowaponza wengi, kwa sababu humfanya mnunuzi ahesabu idadi ya vitu badala ya matumizi.

Kipimo cha nne, ambacho matangazo hayakigusi, ni muziki wenyewe unaorekodiwa. Nyanda za kati ni nchi ya Wagogo, watu wanaofahamika kwa zeze, ilimba na ngoma ya muheme inayopigwa na wanawake. Sauti hizo zilifika mbali kupitia marehemu Hukwe Zawose, mzaliwa wa Dodoma aliyefariki dunia Desemba 2003, ambaye kazi zake zilitolewa na kampuni ya Real World ya Uingereza.

Watafiti wa muziki, akiwamo Gerhard Kubik wa Austria, wameeleza kuwa ngazi ya sauti ya Wagogo hufuata sauti za asili zinazozaliwa katika mtetemo wa uzi mmoja. Ngazi hiyo hailingani na ya kinanda. Sauti ya saba katika mfuatano huo, kwa mfano, iko chini ya noti ya kinanda iliyo jirani nayo kwa karibu theluthi moja ya nusu toni.

Maana yake kwa mnunuzi ni kubwa. Plagini za kunyoosha sauti za waimbaji, za aina iliyoanza na Auto-Tune ya kampuni ya Antares mwaka 1997, kwa kawaida huivuta sauti kuelekea noti ya kinanda iliyo karibu. Zikiachwa zifanye kazi zenyewe juu ya uimbaji wa Kigogo, hurekebisha kitu ambacho hakikuwa na kosa. Kwa studio inayorekodi muziki huo, plagini isiyoruhusu kubadili ngazi ni ghali hata ikiuzwa kwa dola 10, na inayoruhusu huenda ikastahili bei kamili.

Wakati mwingine jibu halihitaji fedha. Programu kuu za kurekodia huja na plagini zake za kusawazisha na kubana sauti, ambazo hutosheleza kazi nyingi. Zipo pia za bure kihalali, kama Supermassive ya Valhalla, iliyotolewa mwaka 2020, na sinthesaiza ya Surge XT, ambayo hukubali kuwekewa ngazi za sauti zisizo za kinanda. Swali la haki si "plagini hii ni nzuri?" bali ni "inafanya nini ambacho niliyo nayo haifanyi?" Kampuni nyingi hutoa kipindi cha majaribio, na jibu hupatikana kwa kuijaribu katika wimbo ambao tayari mteja ameulipia.

Wapo wanaoona hesabu zote hizi ni za bure, kwa kuwa nakala za wizi zinapatikana kirahisi. Lakini Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, ile ile ambayo wasanii hutaka iwalinde nyimbo zao zinapoibwa, huzilinda pia programu za kompyuta. Aidha, nakala hizo huweza kubeba virusi, na studio inayopoteza kazi za wateja imepoteza zaidi ya bei ya leseni.

Kwa kuunganisha vipimo hivyo, bei ya haki ni ile isiyozidi bei ya chini inayojirudia, iliyojumlishiwa kodi, ada na bando, na inayoweza kurejeshwa na kazi ambazo studio ina uhakika wa kuzipata. Mwenye studio aandike mapema, kabla ya Novemba, orodha ya vitu viwili au vitatu anavyovihitaji na kiasi cha mwisho atakacholipa kwa kila kimoja katika shilingi. Tangazo likija chini ya kiasi hicho, anunue bila kusita. Likija juu yake, au likitaja kitu kisichokuwamo katika orodha, asubiri, kwa sababu nakala za plagini hazimaliziki ghalani.