Utangulizi: Jukwaani Nako ni Kazini

Wanahistoria wetu wa vyama vya wafanyakazi wamezoea kuandika habari za makuli wa bandarini, watu wa reli na wakata mkonge, na wanamuziki wakawaachia wataalamu wa sanaa. Wataalamu wa sanaa nao wakachambua tungo na midundo, wasiulize nani alilipwa nini, na nani alimlipa. Kitabu hiki kinaingia katika pengo hilo.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni NUTA Jazz. Baada ya maasi ya wanajeshi ya Januari 1964, serikali ya Tanganyika ilivunja shirikisho la vyama vya wafanyakazi, ikaunda NUTA, chama kimoja cha wote. Mwaka huohuo chama hicho kikawa na bendi ya dansi. Wapiga magitaa na waimbaji wakawa waajiriwa wenye mshahara, na vyombo vikawa mali ya mwajiri. Chama kilipobadilika jina, bendi nayo ikabadilika: JUWATA Jazz, kisha OTTU Jazz. Wapenzi wake wanaijua kwa jina la Msondo.

Hapo ndipo penye utamu kwa mtafiti. Mwajiri ni chama cha wafanyakazi chenyewe; mpiga tarumbeta mwenye manung'uniko ayapeleke wapi? Silaha yake ilikuwa kuhama. Mwaka 1978 Muhidin Gurumo, mwimbaji wa tangu mwanzo, aliondoka na kuwa miongoni mwa waanzilishi wa Mlimani Park, bendi iliyomilikiwa na kampuni ya usafiri na teksi. Mwaka 1985 akahama tena, safari hii kwenda Orchestra Safari Sound, mali ya mfanyabiashara. Shabiki huona usaliti katika mambo haya. Mimi naona majadiliano ya mshahara yaliyofanywa kwa miguu, kwa maana mwimbaji akiondoka, mwenye bendi huliona pengo lake mlangoni wikiendi hiyohiyo. Ila aliyehama aliondoka na sauti yake tu. Gitaa lilibaki kwa mwenye vyombo.

Kuna pia suala la tuzo. Mpenzi wa muziki anapanda jukwaani, anambandika mwimbaji noti kwenye paji la uso. Je, fedha hiyo ni ya mwimbaji, au ya bendi nzima, pamoja na mpiga besi aliyesimama nyuma gizani? Swali hili limevuruga urafiki mwingi, na halijaandikwa vya kutosha.

Tutatazama na kwingine. Waigizaji wa Hollywood walianzisha chama chao mwaka 1933. Mwaka 1960, rais wa chama akiwa Ronald Reagan, waligoma wakidai walipwe filamu zao zinaporudiwa kwenye televisheni. Mwaka 2023 waandishi wa filamu waligoma siku 148 na waigizaji 118, kwa sababu ya malipo ya filamu za mtandaoni na hofu ya akili mnemba. Waliweza kwa sababu moja iliyo wazi: studio kubwa hujadiliana nao kwa pamoja, kwa hiyo kuna meza ya kukaa na mtu wa kumgomea.

Msanii wa Bongo Fleva hana meza hiyo. Yeye anajitambulisha kama mfanyabiashara, na mfanyabiashara humgomea nani? Madai yake yamehamia kwenye hakimiliki, tangu sheria ya 1999 iliyoleta COSOTA, taasisi ya hakimiliki ya Tanzania, na kwenye mkataba wa lebo, ambao wengi huusoma kwa makini siku wanapotaka kutoka. Nyuma yake wapo madansa na wapiga picha wanaolipwa kwa shoo au kwa siku, mara nyingi bila karatasi yoyote. Hao si wafanyabiashara, wala hakuna anayewaita wafanyakazi, na hao ndio watakaochukua nusu ya pili ya kitabu. Nusu ya kwanza inaanzia kwa mkata tiketi wa ukumbi wa dansi, maana yeye ndiye aliyejua usiku ule ziliingia shilingi ngapi.